Newala hupandi, unashuka: mwongozo kamili wa kutembea miinuko ya Mtwara na Lindi kwa majira yake

Mpanda ngazi hushuka, ndivyo tulivyofundishwa. Ukifika Newala, methali hiyo inageuka: anayeshuka ndiye atakayepanda, tena saa ile jua limeshakuwa kali na chupa ya maji imebaki na mate tu. Mgeni aliyezoea mlima wa kawaida, ule wa kuanzia chini ukiwa na nguvu na kurudi ukiteremka, huku Kusini hujikuta amekosea hesabu tangu hatua ya kwanza. Mimi nimezaliwa huku na hesabu hiyo ilinishinda, sembuse mgeni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka siku nne hadi saba za kutembea kwa miguu katika miinuko yetu: uwanda wa Makonde wenye Newala na Tandahimba, ukingo wa Ndanda, milima ya mawe ya Masasi, na uwanda wa Rondo kule Lindi. Hakuna theluji wala geti la hifadhi kubwa lenye foleni ya magari ya watalii. Njia nyingi ni za watu waendao shambani, na ndiyo maana zinahitaji adabu na maandalizi ya namna yake.

Uielewe kwanza sura ya nchi

Uwanda wa Makonde ni kama meza. Juu pametandazika, mchanga mwekundu na mikorosho hadi macho yachoke, na sehemu za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kutoka pwani gari linapanda polepole kiasi kwamba usipoangalia hutajua kama umepanda. Halafu ghafla meza inakwisha. Upande wa kusini na magharibi kuna genge, na chini yake mamia ya mita kuna bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji.

Jambo la pili ni maji. Mchanga wa juu haushiki mvua, unainywa. Maji yanazama ndani kabisa mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, halafu yanatokeza pembeni, chini ya genge, kama chemchemi. Ndiyo sababu juu Newala utatembea saa tatu usione hata kijito, wakati Ndanda chini ya ukingo maji yanatiririka kiangazi chote. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, akina mama wa uwandani walikuwa wakiteremka genge alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Hata leo maji ya bomba ya Newala na Tandahimba husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari. Pampu ikisimama, mji mzima unatafuta madumu. Ukikuta ndoo ya maji nusu bafuni kwenye gesti, usifoke.

Masasi ni habari nyingine. Pale ardhi iko tambarare na mawe makubwa ya kijivu yametokeza moja moja kama migongo ya viboko. Na Rondo ni uwanda tena, mdogo kuliko wa Makonde, lakini una kitu ambacho Makonde imekipoteza kwa mikorosho: msitu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua mlima

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, mara nyingine mwanzoni mwa Mei. Kinachobaki ni kiangazi, lakini kiangazi chenyewe kina sura tatu na ukizichanganya utajuta.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni kuanzia wiki ya mwisho ya Mei hadi katikati ya Julai. Mvua imeosha vumbi hewani, majani bado mabichi, na ukisimama juu ya genge unaona Ruvuma kama utepe. Kuna ubaridi pia. Kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo Newala ina nafuu ya nyuzi nne hivi kuliko Mtwara mjini, na upepo wa kusi unaongeza yake. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala ukingoni, maana kusi hutoka baharini na unyevu wake, ukagonga genge na kupandishwa. Usikate tamaa ukifika ukakuta pamefungwa kama umefunikwa blanketi. Subiri. Mara nyingi ifikapo saa 3 umeshainuka.

Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Agosti bado ni pazuri, ila kuna mambo mawili. Kwanza ni salfa. Mikorosho inapochanua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, na mkulima hupuliza salfa ya unga kwa mashine alfajiri wakati upepo umetulia, yaani saa ileile wewe unayotaka kuanza safari. Kazi hiyo inaanza tangu Juni. Ukisikia mlio wa mashine mgongoni mwa mtu shambani, zunguka upande upepo unakotoka, ziba pua kwa kitambaa na usisugue macho. Pili ni Nanenane: maonyesho ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, na siku hizo kupata chumba Lindi mjini ni bahati.

Septemba na Oktoba ni joto na moshi. Watu wanasafisha mashamba, moto unapita porini, na ile picha ya bonde uliyoiota inakuwa ukungu wa kijivu. Lakini ndio wakati miombo huchipua majani mapya mekundu kabla ya tone moja la mvua, na barabara ya Nachingwea inageuka kama imepakwa rangi. Anayependa miti aje wakati huo. Anayependa mandhari ya mbali asije.

Oktoba hadi Desemba ni korosho. Minada, malori, gesti zimejaa wanunuzi, bodaboda hana muda na wewe maana anabeba magunia. Ukija kipindi hiki lipia chumba mapema kwa simu na uwe na roho ya subira. Faida yake ni kuona mji ukiwa na fedha, na mabibo ya kutafuna njiani. Juisi ya bibo haitoki kwenye nguo, na korosho mbichi usiing'ate: mafuta ya ganda lake huunguza midomo.

Machi na Aprili, mtu asiye na sababu asije kupanda. Wala si milima pekee. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na watu wakakwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Tangu hapo mimi husema kiangazi kinaanza pale magari yanapopita, kalenda nimeiacha ukutani.

Hatua ya 2: Chagua makao, usihamehame

Kosa la wengi ni kutaka kulala kila siku mji mpya. Njia zetu zinachukua muda. Mtwara hadi Masasi ni kilomita 200 hivi kupitia Mnazi Mmoja ya Mingoyo, lami tupu. Masasi hadi Newala ni kama 70, lakini zina mpando. Njia nyingine ya Newala hutoka Mtwara moja kwa moja kupitia Nanyamba na Tandahimba. Lami imekuwa ikijengwa kwa vipande, kwa hiyo uliza stendi hali ya wiki hiyo kabla ya kupanda gari.

Ukiwa na siku nne, lala Masasi mbili na Newala mbili. Ndanda iko kilomita 40 hivi kabla ya Masasi ukitokea pwani, hivyo unaweza kuifanya siku ya kwenda na kurudi. Ukiwa na siku saba, ongeza mbili za Rondo na moja ya Lindi mjini kupumzisha magoti.

Kwa wanaokuja na gari dogo: uwandani adui ni mchanga, bondeni adui ni mfinyanzi. Mchangani punguza upepo wa matairi na usikanyage breki ghafla. Bondeni, kukiwa na mvua, usiingie kabisa. Noah za abiria hupita sehemu ambazo gari lako la mjini litalia, na kupanda Noah si aibu.

Hatua ya 3: Bisha hodi

Huku hakuna mlima usio na mwenyewe. Kabla ya kutembea kijiji chochote, pita ofisi ya mtendaji wa kijiji. Salimia, kaa, eleza umetoka wapi na unataka kwenda wapi, saini kitabu cha wageni. Mtendaji huyo ndiye atakayekutafutia kijana wa kukuongoza, na elewaneni bei palepale mbele yake, kabla ya kuondoka: ya nenda rudi, siyo ya nenda tu. Ukimkuta mzee amekaa barazani, mpe shikamoo yake kwanza hata kama si kiongozi. Habari za njia anazijua yeye kuliko ofisi.

Kuna sababu nzito zaidi ya adabu. Baada ya mavuno ndio msimu wa jando na unyago. Vijana wanapokuwa kumbini, kuna njia za porini zinafungwa kwa watu wasiohusika, na hakuna ubao utakaokuambia. Mwenyeji atakuambia tu, "Huku leo hatupiti," na wewe usiulize kwa nini. Siku ya kutoka kumbini ngoma huwa ya wote, na midimu, wachezaji wa kuvaa vinyago, wakitoka na vinyago vyao utaona sanaa ambayo hakuna jumba la makumbusho linaloweza kuionyesha ikiwa hai. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Bonde la Ruvuma nalo lina yake. Tangu vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zilipoanza mwaka 2017, ulinzi wa mpakani ni wa kweli. Tembea na kitambulisho, mgeni wa nje na pasipoti yake, na usiteremke hadi ukingo wa mto bila viongozi wa kijiji kujua. Mto wenyewe una mamba na viboko, kwa hiyo hata bila mpaka si mahali pa kuogelea. Anayetaka kuvuka kwenda Msumbiji kwa halali njia yake ni Daraja la Umoja, Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, lililofunguliwa mwaka 2010.

Na uliza kuhusu tembo. Katika wilaya za Nachingwea, Liwale na Nanyumbu hupita mashambani, hasa usiku na alfajiri. Ukiambiwa wameonekana, ahirisha. Usijifanye shujaa.

Hatua ya 4: Funga mzigo

Maji lita 3 kwa mtu kwa nusu siku ya genge. Siyo chupa moja na nusu, siyo "tutanunua mbele". Mbele hakuna duka. Mimi hubeba dumu la lita 5 hadi juu ya genge, naliacha kwa mwenye nyumba ya mwisho, na nashuka na lita 3. Nikirudi nimekauka, lita 2 zinanisubiri kivulini. Kati ya mbinu zote zilizomo humu, hiyo ndiyo iliyoniokoa mara nyingi kuliko nyingine.

Viatu: raba zenye meno zinatosha, buti za gharama si lazima. Kandambili ziache gesti, ingawa utaona wenyeji wanazipandia genge huku wanaongea na simu. Mchanga unaingia, kwa hiyo soksi ndefu. Fimbo, kwa ajili ya kushukia zaidi kuliko nyoka. Kofia pana, tochi yenye betri nzima, sweta kwa asubuhi za Juni hadi Agosti (watu wa pwani hawaamini mpaka wafike), chandarua kama huna hakika na cha gesti, na pakiti mbili za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Laini mbili za mitandao tofauti. Chini ya genge mmoja hupotea, na mara nyingine yote.

Hatua ya 5: Newala, siku ya kushuka

Lala Newala mjini. Jioni ya kwanza usishuke popote; nenda Shimo la Mungu ukatazame tu. Ni ukingoni mwa mji, na ardhi pale inakatika kana kwamba mtu ameimega. Juni jua huzama saa 12 na dakika kumi hivi jioni na giza halina subira, kwa hiyo fika saa 10 na nusu, angalia njia zinavyoteremka, muulize mwenyeji ipi inatumika na ipi imemezwa na mmomonyoko. Mmomonyoko hubadilisha njia kila baada ya masika, na njia ya mwaka jana mwaka huu inaweza kuishia hewani.

Kesho yake, toka kitandani saa 11. Juni na Julai jua linachomoza baada ya saa 12 na nusu, na hapo ndipo uwe unaanza kushuka, siyo ndiyo unatafuta chai.

Sasa hesabu. Chukua muda wote ulionao, ugawe mara tatu. Theluthi moja ni ya kushuka, mbili za kupanda. Ukiwa na saa tatu na nusu za ubaridi, yaani kutoka saa 12 na nusu hadi saa 4, basi saa moja na dakika kumi ukiwa unashuka, saa yako ikifika, geuka. Popote ulipo. Hata kama chini unaona kijiji, kuku na moshi wa chai. Hapo ndipo watu huponzwa: kushuka kunadanganya, mwili hauhisi deni, na bonde linazidi kuonekana karibu.

Mwaka niliojifunza hesabu hii nilianza saa 3 asubuhi, na chupa moja, kwa sababu nilikuwa naenda "kuangalia kidogo". Saa 6 nilikuwa nimekaa chini ya kichaka katikati ya genge, moyo unadunda masikioni. Bibi mmoja akapita na mzigo wa kuni kichwani, akanitazama, akauliza, "Mjukuu, umefiwa?" Nilivyokaa ndivyo alivyonidhania. Akanikatia nusu ya muhogo wake mbichi, akaendelea kupanda bila kugeuka. Sikumfikia tena.

Wakati wa kupanda nenda mwendo unaokuwezesha kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Pumzika kila dakika 20 ukiwa umesimama kivulini, kunywa funda tatu nne, siyo nusu chupa. Uso ukikauka jasho na kichwa kikigonga, hilo si uchovu, ni joto: kaa kivulini, lowesha kitambaa shingoni na kwapani, kunywa ile chumvi, na usiondoke mpaka urudi hali yako.

Ukifika juu tafuta mama lishe. Kiangazi kinapokolea utakuta ming'oko, viazi vya porini vilivyochemshwa, vyembamba kama vidole, vinavyomenywa na kulika taratibu na chumvi na pilipili. Ni chakula cha gumzo, siyo cha haraka. Usijaribu kuchimba mwenyewe porini: kuna viazi vya jamii moja, ndiga, vyenye sumu mpaka vilowekwe na kuandaliwa na anayejua.

Hatua ya 6: Ndanda, siku ya maji

Baada ya Newala miguu inadai fidia, na Ndanda ndiyo fidia yenyewe. Wamisionari Wabenedikto walijenga hapa mwaka 1906, na ukitazama nyuma ya abasia na hospitali utaelewa kwa nini: ukingo wa uwanda umesimama hapohapo, na maji yanatoka. Omba ruhusa kwa wenyeji wa eneo, panda taratibu kufuata kijito, na rudi kabla ya saa 8. Hapa kupanda kunatangulia, kwa hiyo hesabu ya kawaida inafanya kazi. Ni siku nzuri kwa watoto. Usifue wala kujipaka sabuni juu ya chemchemi. Chini kuna watu wanaokunywa.

Hatua ya 7: Masasi, siku ya mawe

Mawe ya Masasi ndiyo mlima wa haraka kuliko yote humu na ndiyo unaodharauliwa zaidi. Mkomaindo, ambao hospitali ya mjini imechukua jina lake, na Mtandi, ambao kanisa kuu la Kianglikana liko chini yake, yako karibu na mji kiasi cha kutosheka na asubuhi moja.

Ukiwa Mtandi, kumbuka ulikosimama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuendelea hadi Ziwa Nyasa. Waliiona Masasi wakabaki. Mwaka 1882 Magwangwara, kundi la Wangoni, walivamia, na mwaka 1905 Majimaji ikapita na moto. Kwa watu waliokuwa wakitazama adui anakuja, haya mawe yalikuwa minara.

Kanuni za mawe ni chache lakini hazina huruma. Panda alfajiri, kwa sababu ifikapo saa 5 jiwe linachoma kupitia soli. Kanyaga jiwe tupu la kijivu. Lile lenye ukungu mweusi wa kuvu likilowa ni sabuni. Usipande jiwe lililolowa kabisa, na ukiona wingu jeusi Novemba au Desemba shuka mara moja, maana juu ya jiwe tupu kitu kirefu kuliko vyote ni wewe, na radi inajua. Usiingize mkono kwenye nyufa: nyuki hukaa humo, na nyoka huota jua humo. Kabla ya kupanda mwamba, geuka nyuma ujiulize kama utaweza kuushuka. Pimbi watakupigia kelele. Nyani wakikuona na mfuko wa mkate watakufuata. Mfuko funga.

Chini ya baadhi ya mawe kuna makaburi na sehemu za matambiko. Kitambaa, chungu, unga uliomwagwa: pita mbali, usiguse, usipige picha.

Hatua ya 8: Rondo, usiku

Hapa inabidi utulie. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo anzia ofisi yao Lindi upate kibali na mhifadhi wa kukupeleka. Ukitoka barabara kuu ya Mingoyo–Masasi eneo la Mtama, njia ya vumbi inapanda kaskazini, na hewa inabadilika. Rondo ilivuma enzi za ukoloni kwa mbao za mvule, na mivule mingi ilikwenda. Kilichobaki ndicho unachokuja kukiona.

Mchana tembea kivulini na sikiliza ndege. Lakini sababu yangu ya kulala Rondo ni komba. Komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda huu, ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani: gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, na mkia wake umefumuka kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimtambua rasmi kama aina ya pekee miaka ya 1990 tu, ingawa wazee wa hapa walimsikia tangu utotoni. Yuko hatarini, kwa sababu anahitaji msitu wa pwani na misitu hiyo imebaki vipande vipande.

Utaratibu wake: ingieni msituni na mhifadhi saa 1 usiku, watu wasizidi wanne. Funikeni tochi kwa kitambaa chekundu. Tembeeni hatua kumi, simameni dakika mbili, taa zizimwe. Kwanza utasikia, halafu uwashe na kutafuta macho mawili yanayong'aa karibu na ardhi kuliko unavyodhani, maana huyu huwinda wadudu chini chini vichakani. Akionekana, mtoeni mwanga usoni ndani ya sekunde chache. Mara yangu ya kwanza nilikaa saa mbili na sikuona kitu zaidi ya bundi. Mara ya pili dakika kumi zilitosha.

Ukiwa na siku ya ziada: Tendaguru

Tendaguru ni kilima tu, kaskazini magharibi ya Lindi mjini, pande za Mipingo, na ukienda ukitarajia mifupa utarudi na vumbi. Mifupa ilikwenda Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapa mabaki ya mijusi mikubwa (dinosaria) ya miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mmoja wao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Kazi ya mikono ilikuwa ya watu wa Kusini, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi.

Mimi naona inafaa kwenda, hasa ukiwa na watoto wa shule, lakini usiende bila mwenyeji wa kijiji: kilima hakina majigambo, na unaweza kukipita ukakisalimia kama vilima vingine. Uliza tembo. Nenda Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa zimelala. Na jiwe lolote utakaloliokota, lirudishe ulipolikuta, maana masalia hayo yanalindwa na sheria.

Kurudi

Wa Dar es Salaam, mabasi ya Masasi na Newala huondoka alfajiri sana. Kata tiketi siku moja kabla, na Juni na Desemba shule zinapofunga kata mbili kabla. Kaa upande wa kulia, jua la asubuhi litakupiga hadi Mnazi Mmoja, lakini ukitazama dirishani kati ya Chikundi na Ndanda utaona ukingo wa uwanda ukifuatana na basi, na mistari myembamba myekundu ikipanda juu yake. Ni njia. Kama bado ni mapema, tazama vizuri: kuna watu wanapanda.